Mmea wa Ndani Hauchanui: Kutafuta Kasoro ya Mwanga, Dalili kwa Dalili

Malalamiko ya wakazi wa fleti wanaolea maua ndani hufanana mno: mmea ulinunuliwa ukiwa umejaa maua, ukawekwa sebuleni, maua yakapukutika baada ya wiki chache, na tangu siku hiyo umebaki majani matupu. Maji ndiyo hushukiwa kwanza, kisha mbolea, kisha udongo, na mwanga hushukiwa mwisho kabisa, kama utashukiwa. Kosa hili lina chanzo chake. Jicho la binadamu hujirekebisha kila mwanga unapobadilika, kiasi kwamba mtu anayetoka nje na kuingia chumbani huona tofauti ndogo tu, ilhali vipimo vinasimulia mengine: jua la adhuhuri katika anga jeupe hufikia luksi (kipimo cha nguvu ya mwanga unaofika mahali) 100,000 hivi, siku ya mawingu ya kawaida huweza kubaki na luksi 10,000 au zaidi, na chumba tunachosomea bila taabu huenda kina luksi 300 hadi 500 tu. Jani halina mboni ya kupanua ili lifidie upungufu huo.

Mwanga unapokuwa haba, mmea hugawa kidogo ulichokipata kwa utaratibu mkali: kwanza uhai wa mizizi na majani yaliyopo, kisha majani mapya, na maua mwishoni. Ndiyo maana mmea unaweza kuonekana wenye afya kwa miaka mahali ambapo hautachanua kamwe. Kwa hiyo, dalili yoyote utakayoiona, utajikuta mara nyingi umerudi kwenye maswali yale yale matatu: hapo chungu kilipo pana mwanga wa nguvu gani, kwa saa ngapi, na usiku wake una giza la kweli au la?

Kupima mahali kabla ya kuulaumu mmea

Njia isiyogharimu chochote ni ya kivuli. Weka karatasi nyeupe pale majani yalipo wakati wa mchana, kisha inua kiganja sentimita 30 hivi juu yake. Kivuli chenye kingo kali, kinachoonyesha kila kidole, ni ishara ya mwanga mkali; kivuli kinachotambulika kuwa ni mkono ingawa kingo zake zimefifia kinaonyesha mwanga wa wastani; na ukipata doa la kijivu lisilo na umbo, au usipopata kivuli kabisa, hapo ni pa majani, si pa maua. Anayetaka tarakimu anaweza kutumia programu ya kupima mwanga kwenye simu, ambayo haina usahihi wa maabara lakini inatosha kabisa kulinganisha kona moja na nyingine. Simu ielekezwe kule jani linakotazama, na kipimo kirudiwe asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwa sababu dirisha linalong'aa saa tatu asubuhi linaweza kuwa kiza saa tisa.

Nilipopima sebule yangu mwenyewe, ukingo wa dirisha ulisoma karibu luksi 5,000 bila jua la moja kwa moja, hatua moja ndani ikawa luksi 1,200, na juu ya kabati la vitabu, mita tatu kutoka dirishani, ikawa luksi 180. Juu ya kabati hilo ndipo yungiyungi la amani (Spathiphyllum, au peace lily kwa Kiingereza) lilipokuwa limekaa miaka miwili, likiwa na majani ya kijani kibichi yanayong'aa ambayo kila mgeni aliyasifu, na bila ua hata moja. Nililiteremsha nikaliweka hatua moja kutoka dirishani, nikaacha maji na mbolea vilevile, na katika mwezi wa tatu tangu nilihamishe nikaona kati ya mabua mawili kitu kama jani lililoviringwa, chembamba kuliko majani mengine na cheupe kwenye ncha: tumba la ua. Ilinipasa kukiri kwamba miaka miwili nilikuwa nikiupa mmea mbolea ya kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Upande ambao dirisha linatazama huamua mengi, ila ushauri wa vitabu lazima usomwe kwa kuangalia umeandikiwa wapi. Katika nchi zilizo kaskazini kabisa mwa ikweta, dirisha la kusini ndilo lenye jua la siku nzima. Katika nchi za kusini kabisa, ni dirisha la kaskazini. Karibu na ikweta jua hupita juu ya paa na kuegemea kaskazini kiasi mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, hivyo dirisha moja linaweza kuwa na jua nusu ya mwaka na kulikosa nusu nyingine. Mashariki na magharibi hazina utata huo: ya kwanza hupata jua pole la asubuhi, ya pili hupata jua la alasiri ambalo hukutana na chumba kilichokwisha kupata joto na kwa hiyo huumiza majani kwa urahisi zaidi. Baada ya upande, angalia vizuizi: ghorofa la jirani, baraza ya ghorofa ya juu inayotokeza kama kofia, wavu wa mbu, kioo chenye rangi, pazia jembamba, na vumbi. Kimoja tu hakiogofyi, lakini vikikusanyika vitatu dirisha zuri huwa dirisha la jina.

Dalili: majani mazuri, maua hakuna

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni mwanga usiotosha. Ili kuhakikisha, tazama rangi na nafasi. Okidi ya aina ya Phalaenopsis inayokosa mwanga huwa na majani ya kijani kilichokoza, marefu na yanayolegea. Ikiwekwa mahali panapoifaa, hugeuka kijani cha wastani chenye uhai. Na ikikaribia mpaka wa uvumilivu wake kingo za majani huanza kupata wekundu. Watu wengi husifu kijani kilichokoza wakidhani ni afya, kumbe ni mmea uliojaza klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, ili kunasa kila chembe ya mwanga inayopita. Anthuriamu iliyo gizani huendelea kutoa majani yenye vikonyo virefu na hutoa ua moja moja kwa nadra, au haitoi kabisa.

Kama kipimo kinaonyesha mwanga wa kutosha, chunguza mbolea. Mbolea yenye naitrojeni nyingi husukuma majani, na jeraniamu hasa huitikia kwa kichaka kikubwa kisicho na ua. Punguza kipimo na uchague mbolea ambayo kiasi chake cha potasiamu hakizidiwi na naitrojeni. Kisha chunguza mkasi wako. Hoya hutoa maua mwaka baada ya mwaka kwenye kikonyo kile kile kilichochanua awali, na mtu nadhifu anayekata kila kikonyo kilichokauka maua anakuwa ameondoa maua ya mwaka unaofuata kwa mikono yake. Chungu kikubwa kupita kiasi nacho huchelewesha, kwa kuwa udongo mwingi hukaa na maji mengi na mizizi hutumia muda kuujaza.

Iko sababu nyingine ambayo wanunuzi huambiwa kwa nadra. Wakulima wa biashara huyanyunyizia mayungiyungi ya amani asidi ya jibereli, homoni ya mimea inayoyalazimisha kuchanua yote kwa wakati mmoja, hata yakiwa bado machanga. Yungiyungi lililonunuliwa likiwa na maua kumi na mawili halitarudia wingi huo nyumbani, na ua moja au mawili kwa wakati ni mafanikio ya haki. Hapa hakuna kasoro ya kutafuta.

Dalili: shina refu, majani yaliyoachana, mmea unaegemea upande mmoja

Mmea unautafuta mwanga. Nafasi kati ya jani na jani hurefuka, majani mapya huwa madogo na mepesi kuliko ya zamani, na shina zima hulalia dirishani. Begonia na kalankoe huonyesha hili ndani ya wiki chache. Saintpaulia, ua dogo la chunguni liitwalo African violet kwa Kiingereza, huonyesha kwa namna yake, kwa kuinua majani juu kama mikono inayoomba badala ya kuyatandaza bapa kama sahani.

Kuzungusha chungu robo mzunguko kila wiki kunanyoosha umbo, lakini hakuongezi mwanga, na anayezungusha bila kusogeza anatibu sura tu. Sogeza chungu karibu na dirisha kwanza, kisha kata sehemu iliyorefuka juu ya kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, ili ichipue upya ikiwa fupi, maana shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Angalizo moja: usizungushe mmea ambao matumba yameanza kuonekana, wala okidi ambayo shina lake la maua bado linakua, kwa sababu litajipinda kila mara likiufuata mwanga.

Dalili: mabaka meupe au ya kahawia kwenye majani

Mabaka makavu, yenye mpaka dhahiri, yaliyo upande unaotazama kioo tu, ni jua. Mabaka ya ukungu au bakteria hayachagui upande, mara nyingi huwa na duara la njano pembeni, na huendelea kupanuka hata baada ya mmea kuhamishwa. Mguso nao unasaidia: shika jani la okidi adhuhuri, na kama ni la moto mkononi, mwanga umezidi au hewa haipiti. Jani lililoungua haliponi, lakini likiwa bado na kijani kingi liache lifanye kazi yake.

Kisa cha kawaida ni cha mtu aliyegundua kwamba mmea wake ulikosa mwanga akauhamisha siku hiyo hiyo kutoka pembeni mwa chumba hadi kwenye jua la alasiri. Majani yaliyokua kivulini ni mororo na hayana kinga ya jua kali. Uhamisho uchukue wiki mbili, kwa hatua za nusu mita, au kwa pazia jembamba linaloachwa wazi kwa muda mrefu zaidi kila siku.

Dalili: matumba yanatokea, kisha yanadondoka kabla ya kufunguka

Hapa mwanga una lawama ndogo, ingawa matumba ya okidi huweza kukauka kwa upungufu wake. Swali la kwanza ni hili: je, mmea umehamishwa? Kaktasi ya Krismasi inajulikana kwa kudondosha matumba mahali pake panapobadilishwa, na mabadiliko ya ghafla ya unyevu, joto na upande wa mwanga huchangia kwa pamoja. La pili ni hewa: chungu kilicho mbele ya kiyoyozi hupata upepo mkavu ambao majani huuvumilia na matumba hayauvumilii. La tatu huwashangaza watu, nalo ni bakuli la matunda. Ndizi na tufaha zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huzeesha maua na kuyapukutisha, na okidi iliyowekwa meza moja na matunda inaweza kupoteza matumba yote kwa siku chache bila mwenyewe kuelewa kilichotokea. La nne ni udongo ulioachwa ukauke kabisa hata mara moja tu wakati matumba yanajaa.

Dalili: mwanga upo, mmea una nguvu, lakini msimu unapita bila ua

Hapa tatizo si upungufu wa mwanga. Huenda ni wingi wake, tena usiku. Kaktasi ya Krismasi, ambayo asili yake ni milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, kalankoe ya Madagaska, na poinsettia ya Meksiko ni mimea inayohesabu urefu wa giza. Zinahitaji usiku mrefu usiokatizwa, wa saa 13 hadi 14, kwa wiki sita hivi au zaidi, ndipo zianze kuunda matumba. Taa ya sebuleni inayowaka hadi saa sita usiku, au ya barabarani inayopenya pazia, hukatiza hesabu hiyo hata kama kwa macho yetu inaonekana dhaifu. Katika fleti hili ni tatizo kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa chumba chenye dirisha zuri kuliko vyote mara nyingi ndicho kinachokaliwa na watu hadi usiku sana.

Tiba yake ni ya nidhamu zaidi kuliko ya gharama. Kalankoe yangu niliifunika kwa boksi la karatasi ngumu kila jioni saa kumi na moja na kuifunua asubuhi saa moja, kwa wiki saba, na kila mmoja nyumbani alijifunza kuliepuka boksi hilo. Mchana ilirudi kwenye mwanga mkali kama kawaida, maana giza halichukui nafasi ya mwanga wa mchana. Anayeishi karibu na ikweta, ambako usiku huwa na saa 12 hivi mwaka mzima, asitarajie majira yamfanyie kazi hii. Boksi, au chumba kisichotumika usiku, ndivyo vitakavyoongeza saa zinazokosekana. Kaktasi ya Krismasi ina njia ya pili: usiku wenye baridi, wa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, huweza kuichochea hata giza lisipotimia.

Okidi ya Phalaenopsis haihesabu giza, ila inahitaji ubaridi. Ikiishi katika joto linalozidi nyuzi 28 mchana na usiku, itatoa jani baada ya jani na haitatoa shina la maua; wiki kadhaa za hewa ya chini ya nyuzi 25, na usiku ulio baridi zaidi kidogo, ndizo huisukuma ichanue. Klivia inadai zaidi, yaani wiki sita hadi nane za ubaridi mkubwa na maji machache, na kwa fleti yenye joto mwaka mzima nisingeipendekeza hata kidogo, hata ikitolewa bure.

Bromelia, mimea ya jamaa ya nanasi, ina sababu yake ya pekee: kila kishada cha majani huchanua mara moja tu maishani, kisha hufifia polepole kikiacha machipukizi pembeni. Usingoje ua la pili kutoka kwa mama. Wape watoto mwanga na muda. Chipukizi lililokomaa likikataa kuchanua, lifunike kwa mfuko wa plastiki pamoja na tufaha lililoiva kwa siku kadhaa, na ethilini ile ile inayoharibu matumba ya okidi italichochea.

Dalili: majani ya chini yanakuwa ya njano na udongo haukauki

Mizizi inazama majini, lakini chanzo kinaweza kuwa mwanga. Mmea ulio gizani hunywa kidogo, hivyo kopo la maji lililofaa dirishani huwa gharika juu ya kabati. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ngoja. Vijidudu vidogo vyeusi vinavyoruka juu ya udongo vinathibitisha kwamba unyevu umedumu mno.

Kuchagua kwa kufuata kipimo

Mtu aliyekwisha kupima hana haja ya kubahatisha dukani. Chini ya luksi 500 sitaweka mmea wowote kwa kutarajia maua. Kati ya luksi 1,000 na 2,500 hivi, yungiyungi la amani ndilo la kwanza, na kwenye kiwango cha juu cha hapo anthuriamu na baadhi ya bromelia huweza kuridhika. Kuanzia luksi 5,000 hadi 15,000 bila jua la adhuhuri, yaani dirisha la mashariki au lenye pazia jembamba, uwanja hupanuka: saintpaulia, begonia, okidi ya Phalaenopsis, kaktasi ya Krismasi. Saintpaulia, ambayo asili yake ni misitu ya milimani ya Tanzania, hasa Usambara, na baadhi ya maeneo ya Kenya, huota porini kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na sifa hiyo imewapotosha wengi wakadhani inapenda giza. Kivuli cha msituni bado kina mwanga mwingi kuliko kona ya chumba. Dirisha lenye saa nne hadi sita za jua kamili ndilo la jeraniamu, kalankoe, hoya na haibiskasi. Bougainvillea hutaka zaidi ya hapo, na ndani ya nyumba kwa kawaida huishia kuwa miiba na majani.

Dirisha linaposhindwa, taa inaweza kuchukua nafasi yake. Taa ya kawaida ya LED yenye mwanga mweupe inafaa, na zile za zambarau hazina ulazima. Muhimu ni ukaribu, kwa kuwa umbali kutoka kwa balbu ndogo ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, ni mwanzo mzuri kwa saintpaulia, na swichi ya saa iizime yenyewe usiku ili mmea upate saa zisizopungua nane za giza. Kisha tazama majani ya katikati: yakianza kubanana, kukakamaa na kupauka, taa iko karibu mno na ipandishwe sentimita tano, yakinyanyuka na vikonyo vikarefuka, ishushwe.